Usimimine Yote

Faustini karudi Newala na chupa moja tu,
kaivika soksi mbili, kailaza katikati ya mashati,
kizibo kimefungwa waya kama mdomo wa mbwa mkali.
"Bia ya Ubelgiji," anasema. "Hii hainywewi kwa kiu."
Shangazi Skolastika anampima kuanzia viatu:
"Kama si ya kiu, ni ya nini? Ya kupaka?"

Ni Novemba. Mabibo yanaoza chini ya mikorosho,
nzi wamelewa kabla ya watu,
na nyuma ya nyumba, kwenye pipa la bluu,
uraka wa shangazi unaguna peke yake.

Kaka anataka glasi yenye shina.
Ipo moja, ya harusi ya mwaka tisini na mbili.
Wengine tunashika vikombe vya bati.
Waya unalegea. Kizibo kinaruka,
kuku wanatawanyika, mbuzi wa jirani anakohoa,
povu linapanda, rangi ya ufuta uliokaangwa.

Kwanza pua, anatufundisha.
Tunainama kama wakaguzi wa korosho ghalani.
Mimi nimepata tende, nimepata karafuu
na sukari iliyosahauliwa motoni.
Shangazi amepata kitu, hasemi.

"Kule wanaipa jibini," anasema Faustini.
Hapa kuna kilichopo.

Ng'onda: chumvi ikaikaba bia koo,
zikagombana kama wajumbe wa chama cha msingi siku ya mnada.
Kisamvu cha tui la korosho: zikalala kitanda kimoja,
ila zikalala mapema mno, hakuna aliyeota.
Ming'oko, kwa ndimu na pilipili:
hapo pilipili iliwasha taa
nikaiona bia ile chumba kwa chumba, mpaka uvunguni.
Kisha samaki nchanga, yule mwenye mkia,
kabanikwa hadi ngozi imekuwa kigae.
Faustini, aliyeapa ugenini kwamba hali tena,
alikula wawili, akanyamaza, akalamba kidole.

Shangazi hakugusa sahani.
Alichukua korosho zilizoungua, zile tunazowaachia watoto,
akatafuna, akanywa, akafumba macho.
"Aliyepika hii ni mwanamke?"
"Ni watawa, shangazi. Wanaume."
"Basi wanasali vizuri. Ila wametia sukari mara ya pili,
imeshachacha, wakaidanganya iamke tena humo chupani."
Kaka akabaki na kikombe hewani.
Hilo yeye alilisomea miezi sita, kwa ada.

Miaka thelathini na moja ya uraka.
Mgambo wamelimwaga pipa mara nne.
Sare zetu zilitoka humo, madaftari yetu, na nauli
iliyompeleka Faustini kwenye hizo glasi zenye shina.
Wanywaji walimwuliza bei. Walimwuliza kama umekolea.

"Shangazi," akasema kaka, sauti imeshuka, "unasikia nini?"

Akaigeuza glasi ya harusi polepole.
"Nasikia ganda la mkate wa Ndanda,
mwaka ule nililazwa na mapafu.
Nyuma yake nasikia mtu mwenye haraka, anajizuia."

Chini ya chupa palibaki tope.
Faustini akainua mkono alimwage:
halinywewi hilo, linachafua rangi.
Shangazi akaiziba chupa kwa kiganja.
"Usimimine yote. Hapo ndipo alipo."

Akaenda nayo nyuma ya nyumba.
Tukasikia mfuniko, tukasikia tone,
tukasikia akinong'ona Kimakonde, kama anayekaribisha mkwe.

Siku ya pili pipa lilikuwa kimya.
Kaka akasema wamekataana, hali ya hewa, joto, akaeleza sana.
Siku ya tatu, kabla ya adhana,
mfuniko tuliuokota kwa jirani,
na shangazi alikuwa ameshakaa juu ya kinu,
glasi yenye shina mkononi,
anatungoja na korosho zilizoungua.